Mazoezi ya Ulimi na Koo kwa Anayekatika Pumzi Usingizini: Dozi, Muda na Mipaka Yake

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana mliofika, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote ambao salamu hizo hazijawafikia, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kurushiwa katika simu zenu. Ni video fupi ya mtu anayetoa ulimi, anaukunja, anausukuma juu na chini, kisha anaahidi kwamba ukifanya hivyo kwa siku saba utaacha kukoroma na mashine yako ya kukusaidia kupumua usingizini utaiuza. Waandaaji waliniuliza kama mambo hayo ni ya kweli au ni porojo. Mazoezi yenyewe ni ya kweli. Yamepimwa hospitalini na matokeo yake yamechapishwa katika majarida ya tiba yanayoheshimika. Kisicho kweli ni hizo siku saba, na chenye hatari zaidi ni lile shauri la kuuza mashine. Nitakayoyasema leo yote yanatoka katika wazo moja, kwamba mazoezi haya ni dawa, na kwa kuwa ni dawa hayana budi kuwa na kipimo kabla ya kuanza, dozi ya kila siku, muda wa kuyatumia, na mgonjwa anayefaa kupewa na asiyefaa.

Kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha upya kumeza na kusema watu waliopatwa na kiharusi. Kwa sababu hiyo ulimi na koo nimevizoea kuliko viungo vingine vya mwili, na jambo ambalo halinisumbui kuliamini ni kwamba msuli wa ulimi unafundishika. Linalotaka ushahidi ni kama mafunzo ya mchana yanaweza kumsaidia mtu usiku, wakati hana habari na ulimi wake.

Tuanze na koo lenyewe. Bomba la hewa lililo chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, limezungushiwa pete za gegedu, kwa hiyo halijifungi hata mtu alale namna gani. Sehemu iliyo juu yake, kuanzia nyuma ya pua, ikishuka nyuma ya kaakaa laini na shina la ulimi hadi kufika kwenye zoloto, haina pete za namna hiyo. Hilo ndilo koromeo, nalo limeachwa laini kwa sababu ndimo tunamopitishia chakula, maji, hewa na sauti, na njia yenye kazi nyingi kiasi hicho haiwezi kuwa ngumu. Tukiwa macho, ubongo hutuma amri kwa misuli ya eneo hilo kila tunapovuta pumzi. Msuli mkubwa kati ya hiyo unaanzia nyuma ya mfupa wa kidevu na kusambaa ndani ya ulimi. Ndio unaouvuta ulimi mbele, na unapokea amri zake kupitia neva ya 12 ya kichwa. Usingizi ukiingia amri hizo hupungua, na katika usingizi wa ndoto hupungua zaidi.

Mwenye koo pana hapati shida yoyote. Mwenye koo jembamba, kwa maumbile ya taya lake, kwa mafuta yaliyojaa shingoni na ndani ya ulimi, au kwa tonsili kubwa, anapovuta hewa kuta za koo lake hunyonywa kuelekea ndani, mithili ya mrija laini unaonyonywa kwa nguvu kwenye dafu, ambao kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kujibana. Hewa ikipita kwa taabu, kaakaa laini na kimeo hutikisika, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Njia ikifunga kabisa mkoromo hukoma, na hapo mwenzake wa kitandani hufurahi akidhani mgonjwa sasa ametulia. Akiwasha taa na kutazama vizuri, ataona kifua na tumbo bado vinapanda na kushuka kwa nguvu, ilhali puani hakuna hewa inayotoka wala kuingia. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, misuli inarudishiwa amri, koo linafunguka kwa mlio wa mtu aliyepaliwa, na mkoromo unaanza upya. Mwenyewe asubuhi hakumbuki lolote, kwa kuwa aliamshwa kwa sekunde chache tu kila mara. Analokumbuka ni kwamba alilala kwa muda wa saa nane na ameamka amechoka, kinywa kikavu, kichwa kinamgonga, na usiku aliamka mara kadhaa kwenda haja ndogo.

Hali hiyo wataalamu wanaiita apnea ya usingizi. Mkatiko wa pumzi huhesabiwa ukidumu walau sekunde 10. Hewa ikipungua bila kukatika kabisa nayo huhesabiwa, iwapo imeshusha oksijeni au imemshtua mtu usingizini. Jumla ya matukio hayo kwa saa moja ya usingizi ndiyo namba ninayowaomba mwishike vizuri, kwa sababu maneno yangu mengine yote yataning'inia kwenye namba hiyo. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hali nyepesi, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Mwenye 30 maana yake anakabwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliweka idadi ya watu wazima wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye tatizo hili duniani kuwa karibu milioni 936, na karibu milioni 425 kati yao wako katika kiwango cha kati au kikali. Ugonjwa huu unakwenda pamoja na presha isiyosikia dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, na dereva kusinzia akiwa amekamata usukani. Kwa hiyo tunapocheka mzee anayekoroma sebuleni mbele ya runinga, tucheke tukijua tunachokicheka.

Tiba iliyo imara kuliko zote ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Mgonjwa huvaa barakoa puani, na mashine husukuma hewa yenye shinikizo dogo inayoziweka wazi kuta za koo usiku mzima. Ndiyo mashine inayoitwa CPAP. Ikivaliwa, inafanya kazi usiku ule ule wa kwanza, na tangu wakati huo hakuna kilichoipiku kwa mwenye ugonjwa mkali. Tatizo liko kwenye hilo neno "ikivaliwa". Wapo wasiovumilia barakoa usoni, wapo ambao bei yake ni mtihani, na kwetu hapa yupo pia yule ambaye mashine ipo, barakoa ipo, lakini saa nane usiku umeme unakatika. Ndiyo maana watu wanatafuta kitu kingine, na siwalaumu hata kidogo kwa kutafuta.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ulitoka Brazil, na nitakaa hapo kidogo. Mwaka 2009 Kátia Guimarães, mtaalamu wa tiba ya matamshi, pamoja na Geraldo Lorenzi-Filho na wenzao wa São Paulo, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 31 wenye apnea ya kiwango cha kati. Waligawanywa kwa kura. Watu 16 walifundishwa mazoezi ya ulimi, kaakaa laini, mashavu na koo, ya takriban dakika 30 kwa siku, na kila wiki walikutana na mtaalamu aliyewasahihisha. Wale 15 waliobaki walipewa mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu, ili nao wajione wanatibiwa. Makundi yote mawili yalisafisha pua kwa maji ya chumvi. Baada ya miezi mitatu, kundi la kupumua lilikuwa pale pale lilipoanzia. Kundi la mazoezi ya ulimi lilishuka kutoka wastani wa matukio 22.4 kwa saa hadi 13.7. Usingizi wa mchana ulipungua, mkoromo ulipungua, na mzingo wa shingo ulishuka kutoka sentimita 39.6 hadi 38.5 ilhali uzito wa mwili haukubadilika.

Naomba mtazame hizo namba kwa utulivu, kwa sababu anayewauzia miujiza hatazitaja, na anayebeza mazoezi pia hatazitaja. Kushuka kutoka 22 hadi 13 si jambo dogo. Ni kuondolewa kukabwa mara nane au tisa katika kila saa ya usingizi, bila kidonge na bila kisu. Lakini 13 si sifuri. Kwa wastani hao watu walitoka katika kiwango cha kati wakaingia katika kiwango chepesi, na hapo ndipo walipokuwa baada ya miezi mitatu ya kazi ya kila siku. Sasa mchukueni mgonjwa aliye na matukio 60. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali, uliochapishwa na Macario Camacho na wenzake mwaka 2015, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza matukio kwa takriban asilimia 50 kwa watu wazima. Mgonjwa huyo wa 60 akipata nusu hiyo kwa ukamilifu, atabaki na 30, na 30 bado ni ugonjwa mkali. Hesabu hiyo rahisi ndiyo inayonifanya niwe mkali kwa wale wanaoshauri watu kuuza mashine.

Mwaka huo huo wa 2015, timu ya Brazil ilichapisha jaribio jingine lililoongozwa na Vanessa Ieto, safari hii kwa watu 39 waliokuwa wakikoroma tu au wenye apnea nyepesi na ya kati. Mazoezi yalipunguzwa yakawa machache, ya takriban dakika 8, mara tatu kwa siku. Mkoromo haukupimwa kwa kumuuliza mke au mume, bali ulirekodiwa kwa kifaa usiku kucha, na baada ya miezi mitatu idadi ya mikoromo ilikuwa imepungua kwa asilimia 36 na nguvu yake ya sauti kwa asilimia 59. Binafsi naipenda kazi hii kwa sababu inatekelezeka nyumbani: dakika 8 asubuhi, mchana na jioni ni kitu ambacho hata dereva wa daladala anaweza kukipata akiwa anasubiri abiria.

Yapo pia majaribio yaliyopitia njia ya muziki. Alex Suarez, mwalimu wa didgeridoo huko Uswisi, aligundua kwamba tangu aanze kupuliza chombo hicho mkoromo wake ulikuwa umepungua. Didgeridoo ni tarumbeta ndefu ya mti ya wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia, ambayo kwa desturi hutengenezwa kwa shina la mkaratusi lililoliwa na mchwa likabaki mvungu, na mpigaji wake huvuta hewa kwa pua huku akiendelea kupuliza kwa hewa aliyoihifadhi mashavuni. Watafiti wa Zurich wakiongozwa na Milo Puhan walikusanya watu 25 wenye matukio kati ya 15 na 30, nusu wakajifunza kupiga, nusu wakasubiri zamu. Matokeo yalitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 2006: baada ya miezi minne wapigaji walipungukiwa na kusinzia mchana, na matukio yao ya usiku yalipungua kwa tofauti ya takriban 6 kwa saa wakilinganishwa na waliosubiri. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Wapiga zumari wa Lamu na Unguja naona wanatabasamu, kwa maana kupuliza bila kukata pumzi ni ufundi wanaoujua tangu enzi za mababu zao. Pale Exeter, Uingereza, walijaribu mazoezi ya kuimba ya dakika 20 kwa siku kwa miezi mitatu, na walioimba nao walipungukiwa na usingizi wa mchana. Lakini wanakwaya na wasoma kaswida msinielewe vibaya: kuimba Jumapili moja au katika maulidi moja hakuhesabiki. Katika majaribio yote niliyoyataja, kilicholeta matokeo ni kurudia kila siku au karibu kila siku kwa miezi.

Sasa tufike kwenye mazoezi yenyewe, nami nitaeleza yale machache ya jaribio la 2015. Kaeni wima, mgongo usiegemee, kinywa kiwe kimefumba mpaka nitakaposema.

La kwanza: weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu, pale kaakaa linapoanza, kisha iburute kurudi nyuma taratibu huku ikiwa imeshikamana na kaakaa. Mara 20. La pili ndilo linalokosewa na wengi. Unaunyonya ulimi wote juu, si ncha peke yake, mpaka ubanduke kwenye sakafu ya kinywa na kubandikwa kaakaani, unaubana hapo, kisha unauachia. Kama umefanya sawasawa, ukifungua kinywa mbele ya kioo bila kuuachia utaona ule ugozi mwembamba wa chini ya ulimi umevutika, na unapouachia utasikia mlio mfupi mkavu. Ukihisi misuli ya chini ya kidevu imekaza, uko kwenye njia. Ukihisi meno yanasagana au shingo imekakamaa, umeanza kutumia taya badala ya ulimi; pumzika, anza upya. Hilo nalo mara 20. La tatu, ncha ya ulimi iguse meno ya mbele ya chini, kisha sehemu ya nyuma ya ulimi ikandamizwe chini, mara 20.

La nne linahusu kaakaa laini. Chukua simu, washa tochi yake, simama mbele ya kioo na ufungue kinywa. Tamka "A" fupi fupi, na utakiona kimeo kikiinuka na kushuka. Lengo ni kukiinua bila msaada wa sauti kubwa; wiki ya kwanza wengi hawawezi, na wiki ya tatu au ya nne wanashangaa kwamba kinaitika hata wakiinua kimya kimya. Mara 20 pia. La tano, osha mikono, ingiza kidole kati ya shavu na meno, lisukume shavu nje kidogo, halafu shavu lishindane na kidole kukirudisha ndani, mara 10 kila upande. La mwisho halina saa yake maalumu, kwa kuwa linafanyika wakati wa kula: tafuna pande zote mbili kwa zamu, na unapomeza, ulimi upande kaakaani, meno yakutane, na midomo isijikunje. Anayekula kwa haraka akisukumia kila tonge kwa maji hatalipata zoezi hili.

Mnaona kwamba hakuna hapo kutoa ulimi nje mpaka kidevuni kwa ajili ya kamera. Na mnaona pia kwamba hakuna gharama, jambo ambalo kwa maoni yangu ndiyo sababu mazoezi haya hayatangazwi na mtu yeyote mwenye kitu cha kuuza. Kipo kifaa cha umeme kinachowekwa kinywani mchana na kuusisimua ulimi kwa dakika 20, ambacho mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiruhusu Februari 2021 kwa wanaokoroma na wenye apnea nyepesi. Hicho kina bei, kwa hiyo matangazo yake mtayaona.

Uzito nao hauwezi kurukwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha picha za MRI za watu 67 wenye unene uliopitiliza, waliopunguza kwa wastani takriban asilimia 10 ya uzito wao. Matukio ya usiku yalipungua kwa karibu theluthi moja, na badiliko lililoeleza zaidi nafuu hiyo lilikuwa kupungua kwa mafuta yaliyo ndani ya ulimi. Ulimi unanenepa kama kiuno kinavyonenepa, ila hauna mkanda wa kutuonyesha. Mtu anayefanya mazoezi ya ulimi kwa bidii na kila jioni anashushia chipsi na bia, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, tena pombe yenyewe hulegeza misuli ya koo usiku ule ule, sawa na baadhi ya dawa za usingizi.

Upande wa ushahidi kuna mashaka ambayo sipendi kuyaficha. Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuzichuja tafiti bila huruma, walipata majaribio 9 tu yaliyofaa kuhesabiwa, yenye jumla ya washiriki 347, na wanawake kati yao walikuwa 69. Walihitimisha kwamba mazoezi huenda yanapunguza usingizi wa mchana na kuboresha usingizi wa usiku kwa muda mfupi, lakini uhakika wa ushahidi ulikuwa kati ya wastani na chini sana. Kwa lugha ya kawaida, mwelekeo ni mzuri, watu waliopimwa ni wachache, na muda waliofuatiliwa ni mfupi. Kwa msingi huo mimi huyapendekeza mazoezi kwa mwenye hali nyepesi au ya kati, kwa anayekoroma bila apnea, na kwa anayetumia mashine lakini anataka kuliimarisha koo lake, ambaye huyafanya mchana na usiku anavaa barakoa yake kama kawaida. Mwenye hali kali, mwenye moyo dhaifu, aliyewahi kupata kiharusi, au dereva wa masafa marefu anayesinzia, huyo aanze na mashine au tiba nyingine atakayoelekezwa na daktari, kwa sababu miezi mitatu ya kusubiri ulimi upate nguvu ni mirefu mno kwake na kwa abiria wake.

Watoto wana habari yao. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala kinywa wazi, anatokwa jasho na kukojoa kitandani baada ya kuwa amekwisha kuacha, mara nyingi ana tonsili kubwa au nyama za pua, na wa kumwona ni daktari wa masikio, pua na koo. Mazoezi yana nafasi yake baada ya upasuaji, kwa sababu mtoto aliyezoea kupumua kwa kinywa huendelea na mazoea hayo hata njia ya pua ikiwa wazi. Christian Guilleminault, daktari aliyechangia kuupa ugonjwa huu jina lake katika miaka ya 1970, alitumia sehemu ya miaka yake ya mwisho ya utafiti kulisisitiza hilo. Katika ule uchambuzi wa 2015, punguzo kwa watoto lilikuwa takriban asilimia 62, ingawa watoto waliohusika walikuwa wachache.

Kwa kuwa tumetaja watoto na kimeo, sitapita bila kusema juu ya kukata kimeo. Bado wapo wazazi wanaompeleka mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu kwa mkata kimeo, na nimesikia hata watu wazima wakishauriana kwamba kukikata kunaondoa mkoromo. Kimeo ni msuli mdogo ulio sehemu ya kaakaa laini. Kinasaidia kulifunga koo upande wa pua tunapomeza na kusema. Kikikatwa kwa wembe nyumbani, kinachofuata ni damu isiyokoma, vidonda vilivyooza, pepopunda, na wapo waliopoteza maisha, ilhali ulimi ulioangukia nyuma unabaki palepale. Upo upasuaji wa hospitali wa kaakaa laini kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, na hata huo hauwafai wote. Msuli tunaotafuta kuupa nguvu hauwezi kusaidiwa kwa kuukata.

Nimalizie na utaratibu ninaowapa wagonjwa wangu. Kabla ya zoezi la kwanza, pata namba yako. Kipimo kamili cha usingizi kinapatikana katika hospitali chache kubwa, lakini kipo pia kifaa cha kuvaa nyumbani usiku mmoja kinachorekodi pumzi na oksijeni, na daktari wako atakuelekeza. Anayesubiri zamu ya kipimo apime mzingo wa shingo kwa futi ya fundi cherehani, maana unaozidi sentimita 40 ni dalili mojawapo ya hatari, na ajaze maswali manane ya Epworth kuhusu kusinzia mchana, yaliyotungwa na Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991. Jumla inayozidi 10 kati ya 24 inatosha kumpeleka mtu hospitali. Kisha fanya mazoezi kila siku kwa miezi mitatu, ukionwa na mtaalamu mara kwa mara wiki za mwanzo, kwa sababu zoezi linalokosewa mara 60 kwa siku linazoeleka likiwa limekosewa. Lala ubavu. Miezi mitatu ikitimia, rudia kipimo kile kile, na usiridhike na ushahidi wa mwenzako kwamba siku hizi unakoroma kidogo, kwa kuwa mkoromo unaweza kupungua na pumzi ikaendelea kukatika. Namba ikishuka chini ya 5, punguza dozi pamoja na mtaalamu wako lakini usiiache, maana msuli usiotumiwa hurudi ulikotoka. Ikibaki 15 au zaidi, zungumza na daktari kuhusu mashine, au kifaa cha kinywani kinacholivuta taya la chini mbele, bila kujiona umeshindwa mtihani.

Fomu za maswali manane ziko mezani karibu na mlango, pamoja na futi mbili za kupimia shingo. Wenye majibu ya vipimo vya zamani naomba watangulie kwangu wakiwa nayo mkononi, na wanaotaka kusahihishwa zoezi la pili wabaki kwenye viti vyao, tutalifanya pamoja kioo kikipitishwa.